Uliza Fundi: Simu ya Laini Mbili na Siri ya Tundu la Pili

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja, na sababu inaeleweka. Bando la intaneti liko mtandao huu, pesa za wateja zinaingia mtandao ule, na ukienda kwa wazazi unakuta unaokamata ni mmoja tu kati ya hiyo miwili. Ndiyo maana watu wananunua simu za laini mbili. Tatizo ni kwamba dukani wanauliza kamera, wanauliza kioo, halafu wanasahau kuuliza tundu la pili linafanya nini na nini haliwezi.

Nikifika dukani nianzie wapi?

*Habari za kazi. Nakuja Dar mwisho wa mwezi na nataka kununua simu ya laini mbili Kariakoo. Naogopa kuuziwa feki. Nikifika pale Mtaa wa Aggrey nianzie wapi?*
Muuza mchele, Ifakara

Anzia nyumbani. Beba vitu vitatu: laini zako mbili zilizosajiliwa na memori kadi yako. Simu ya kuonyeshea yenye laini ya muuzaji haikuambii kitu kuhusu laini zako. Kama bado una laini za zamani, zile za milimita 25 kwa 15, pitia kwanza duka la mtandao wako wakupe nyingine, kwa sababu simu nyingi za sasa zinataka nano, milimita 12.3 kwa 8.8. Usikubali kukatiwa kwa mkasi juu ya meza. Laini za zamani ni nene kidogo kuliko nano hata zikikatwa vizuri, na ndizo zinazokwama tunduni na kung'oa vijino, vile vichuma vya ndani vinavyogusa laini.

Ukishapewa simu, kabla ya kutia laini yoyote piga *#06#. Simu ya laini mbili inatakiwa kuleta IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, kila moja ina tarakimu 15, na zisifanane. Ikileta moja, au mbili zinazofanana mpaka tarakimu ya mwisho, au msururu wa sifuri, mrudishie mwenyewe. Zikiwa sawa, zilinganishe na zile za kwenye boksi. Kisha andika IMEI ya kwanza kwenye ujumbe mfupi utume kwenda 15090, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya kuhakiki simu. Halafu tuma na ya pili. Wengi wanatuma moja wakaridhika, wakati kila tundu linajitambulisha kwenye mtandao kwa namba yake. Soma jibu taratibu: kama linataja aina nyingine na hiyo uliyoshika, basi hiyo namba imeazimwa kwenye simu ya watu. Ukaguzi huu si urembo. Juni 2016 TCRA ilizima simu zenye IMEI bandia, na waliozinunua ndio waliokula hasara.

Sasa tia vyote vitatu kwa pamoja, laini mbili na memori kadi. Kama kimoja kinakosa pa kukaa, soma swali linalofuata kabla ya kutoa pesa. Subiri laini zote mbili zishike mtandao, jipigie kila moja kwa simu nyingine, ongea walau nusu dakika ili usikie maiki na spika. Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya SIM, hamishia data kwenye laini ya kwanza, fungua ukurasa wowote, tazama herufi iliyo juu ya kioo. Hamishia laini ya pili, tazama tena. 4G inajieleza, H ni 3G, E ni 2G. Kuna simu, hasa za bei ya chini na vitochi (simu ndogo za vitufe) vya 4G, ambazo tundu moja lina 4G na lingine linaishia 2G. Muuzaji atakuambia "ni 4G" na hatakuwa amedanganya.

Je, tundu la 2G ni kasoro? Inategemea. Kama laini ya pili kazi yake ni kupokea simu na pesa, 2G inatosha na huna sababu ya kuongeza hela. Ila kama unanunua bando popote penye nafuu, leo huku kesho kule, tafuta yenye 4G kote kuwili.

Mwisho dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na mwombe muuzaji aandike IMEI zote mbili juu yake au kwenye kadi ya waranti, pamoja na muhuri wa duka. Nailoni ya boksi isikutie moyo sana. Inafungwa upya kwa hewa ya moto kwa dakika moja.

Laini au memori?

*Nimenunua simu, nikitia memori kadi laini ya pili haina pa kukaa. Fundi mmoja ameniambia anaweza kubandika chipu ya laini juu ya memori vikaingia vyote. Nimruhusu?*
Mwanafunzi, Dodoma

Usimruhusu. Simu yako ina tundu la mseto: kitako cha pili kinapokea ama laini, ama memori, kimoja tu. Ukichomoa kile kisinia kinachobeba laini utaona maandishi madogo: nafasi moja imeandikwa SIM1, nyingine imeandikwa SIM2 pamoja na alama ya memori au herufi SD. Kisinia cha simu inayochukua vyote kina vitako vitatu vinavyoonekana, au kimejikunja pande mbili. Kukichomoa dukani kwa pini ni kazi ya sekunde kumi, nacho kinasema ukweli kuliko boksi.

Hiyo mbinu ya fundi ipo kweli. Plastiki ya laini inachomwa, inabaki ile ngozi ya dhahabu yenye chipu, inagandishwa kwa gundi juu ya memori. Kuna siku inafanya kazi. Lakini unene unaongezeka, vijino vya ndani vinabonyea kupita kiasi, simu ikipata joto gundi inalegea, na siku ya kuchomoa unatoa kisinia huku chipu ikibaki ndani. Hapo unalipia laini mpya, pengine na tundu jipya, na picha za kwenye memori zinaweza kwenda nazo. Bora uhamishie picha kwenye kompyuta, au ununue flashi yenye ncha ya simu uichomeke pale unapoihitaji.

Wateja wanaambiwa sipatikani

*Nauza vipodozi kwa oda. Nikiwa naongea na laini moja, wanaopiga ile nyingine wanaambiwa sipatikani. Simu ni mpya. Ni mbovu?*
Mama wawili, Moshi

Si mbovu, mama. Ndivyo simu nyingi za laini mbili zilivyo, za bei ya chini na hata za bei ya juu. Ndani kuna redio moja ya mtandao inayohudumia laini zote mbili kwa zamu. Simu ikiwa imetulia, redio inasikiliza laini ya kwanza kitambo kidogo, inahamia ya pili, inarudi, kila baada ya sekunde moja au mbili, wala huhisi. Ukianza kuongea, inang'ang'ania laini unayoongelea, na ile nyingine mtandao unaita bila kuitikiwa, ndipo mpigaji anaambiwa hupatikani. Hakuna kitufe cha kuongeza redio ya pili.

Kinachowezekana ni kuelekeza simu. Tuseme laini A ni ya wateja, B ni ya nyumbani. Kwa kutumia laini A piga **62* ikifuatiwa na namba ya B, malizia na #. Maana yake: A ikikosekana hewani, peleka simu B. Kisha kwa kutumia laini B piga *43# kuruhusu simu ya pili kuingia ukiwa unaongea. Sasa ukiwa unaongea kwa B na mteja akapiga A, utasikia mlio sikioni na namba yake itaonekana kwenye kioo. Ukitaka na kinyume chake, rudia hatua hizo kwa kubadilisha A na B. Kuangalia kama imekaa piga *#62#. Kufuta kila uelekezaji uliouweka piga ##002#.

Kuna gharama. Mteja analipia kukupigia A, na ile safari ya kutoka A kwenda B inalipiwa na laini A, yaani wewe, ukipokea. Kwa hiyo A iwe na salio, na uulize mtandao wako kama bando lako la dakika linahesabu simu zilizoelekezwa. Simu ikizimwa kabisa mbinu hii haina msaada, kwa sababu A na B zote ziko ndani ya simu hiyohiyo.

Kama oda ndiyo riziki yako na zinapigwa mchana kutwa, ushauri wetu ni wa kizamani: laini ya wateja iweke kwenye kitochi chake peke yake.

Vocha inaliwa wakati bando lipo

*Bando la intaneti nimenunua laini ya pili, lakini vocha niliyoweka laini ya kwanza inaisha bila kupiga simu.*
Fundi cherehani, Tabora

Fungua mipangilio ya SIM. Kuna mistari mitatu inayojitegemea: laini ya kupigia, laini ya ujumbe, laini ya data. Yako ya data bila shaka imebaki kwenye ya kwanza, au kuna kitufe cha kubadilisha data kiotomatiki kimewashwa. Kitufe hicho kinahamishia intaneti laini nyingine pale ile uliyochagua inapodhoofu, na kwa kuwa huko hakuna bando, inakata vocha. Kizime. Kwa kupiga simu chagua "Uliza kila wakati". Inachosha kidogo lakini inakulinda usipige kwa laini isiyo na dakika.

Angalia pia ujumbe mfupi. Programu nyingi zikisakinishwa zinatuma SMS ya kuhakiki namba, nayo inatoka kwenye laini iliyochaguliwa ya ujumbe. Za huduma za pesa ndizo zinazosumbua zaidi: kama laini ya pesa iko tundu la pili na ujumbe umepangwa utoke la kwanza, programu itagoma ikisema namba haitambuliki. Badilisha laini ya ujumbe kwa muda, maliza usajili, rudisha.

Menyu ya pesa inagoma

*Nikipiga *150*00# napata "msimbo batili wa MMI". Jana ilikuwa inakubali.*
Msomaji, Geita

Umepiga kwa laini isiyohusika. *150*00# ni ya M-Pesa na lazima itoke kwenye laini ya Vodacom. *150*60# ni ya Airtel Money, *150*01# ni ya Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, *150*88# ni ya HaloPesa. Simu ikiwa imewekewa laini moja ya kudumu ya kupigia, inatuma msimbo huko bila kukuuliza. Rudisha "Uliza kila wakati". Kama bado inagoma kwa laini sahihi, washa hali ya ndegeni kwa sekunde 30, zima, jaribu tena.

Laini ya pili haisomi

*Shikamooni. Laini ya pili ilikuwa inasoma vizuri, sasa inaandika hakuna SIM. Fundi wa hapa anasema aflashi simu. Nikubali?*
Kijana wa Kigoma

Marahaba. Usiflashi kwanza, yaani usikubali simu ipakiwe programu yake upya. Zima simu, badilishana laini: ya tundu la kwanza iende la pili, ya pili ije la kwanza. Washa. Kama ugonjwa umehama na laini, laini ndiyo iliyochoka. Nenda na kitambulisho ukabadilishiwe, namba inabaki ileile. Kama ugonjwa umebaki tundu la pili ingawa laini ndani yake ni nzima, basi shida ni tundu.

Tundu nalo lina magonjwa yake. La kwanza ni uchafu: vumbi na jasho vinatanda kwenye ile sehemu ya dhahabu. Futa laini kwa kitambaa kikavu au kifutio laini cha penseli, kisinia kipulizie, usimimine kitu ndani. La pili ni kijino kilichopinda. Kimulike kwa tochi, vijino vyote viwe kimo kimoja. Hiki kinatokea sana kwa wanaotumia fremu ya plastiki ya kupachika nano kwenye tundu kubwa kisha wakachomoa laini na kuacha fremu tupu ndani: vijino vinachomoza kwenye lile tobo, na ukivuta fremu unavivunja. Ikikukuta, usivute. Penyeza kipande chembamba cha plastiki ngumu juu ya vijino kwanza, vilale, ndipo fremu itoke.

Kama tundu zote mbili zinasoma laini lakini zinaandika "simu za dharura pekee", piga *#06#. IMEI ikiwa haipo au imekuwa sifuri, mara nyingi ni matokeo ya kuflashi bila kuhifadhi nakala, na ndiyo sababu ya onyo letu la mwanzo. Kuirudisha IMEI ya simu hiyohiyo ni kazi ya kituo cha huduma cha kampuni iliyotengeneza simu. Tecno, itel na Infinix, kwa mfano, zote ni za kampuni ya Transsion na zinahudumiwa na Carlcare. Fundi akikuambia atakuandikia IMEI ya simu nyingine, ondoka. Hilo ni kosa la jinai.

iPhone ya kutoka Marekani

*Kaka yangu yuko Texas, anataka kuniletea iPhone 14. Je, inatumia laini mbili?*
Mwalimu, Unguja

Inatumia, lakini si kama unavyofikiri. Kuanzia iPhone 14, iliyotoka 2022, zinazouzwa Marekani hazina kisinia cha laini kabisa. Zote ni eSIM, yaani laini isiyo na plastiki, inayopakuliwa kwa kuskani msimbo wa QR unaopewa na mtandao. Inahifadhi nyingi, ila zinazofanya kazi kwa wakati mmoja ni mbili. Kwa hiyo kabla kaka hajalipa, wewe nenda duka la kila mtandao unaoutumia, uliza kama watakupa eSIM ya namba yako kwa simu hiyo. Mtandao mmoja ukisema hapana, namba hiyo haitaingia, na hakuna fundi wa kuchonga tundu.

La pili ni kufuli. Simu zinazochukuliwa kwa mkataba Marekani hufungwa kwa mtandao husika mpaka deni liishe. Kaka afungue Settings, General, kisha About, ashuke mpaka mstari wa Carrier Lock. Pawe pameandikwa No SIM restrictions. Kikiwa kitu kingine, asinunue. Zile chipu nyembamba za kuweka chini ya laini ili kuihadaa simu hazina pa kukaa kwenye simu isiyo na tundu, na hata zenye tundu zinakufa simu ikijisasisha.

Kama unapenda laini za plastiki mbili ndani ya iPhone, zilizotengenezwa kwa ajili ya China bara na Hong Kong ndizo zenye kisinia cha nano mbili mgongo kwa mgongo. Zilizoletwa Ulaya na kwetu huwa na nano moja na eSIM moja. Sisi tungechagua hii ya mwisho. Kioo kikifa usiku, laini ya plastiki unaichomoa na kuitia kwenye kitochi cha jirani, ukaendelea kupokea pesa. eSIM inasubiri duka lifunguliwe.

Na kama kaka akiamua kuleta simu ya bei nafuu ya aina nyingine, mwambie asome masafa kwenye boksi. 4G yetu inategemea zaidi megahezi 700, 800 na 1800, yaani bendi 28, 20 na 3. Simu iliyotengenezwa kwa mitandao ya kule pekee inaweza kukosa moja au mbili, ukaishia kuwa na 4G mjini na 2G shamba.

Simu ya mkononi kwa mtu, bei poa

*Nimeuziwa simu ya laini mbili iliyotumika. Baada ya wiki mbili imejifunga, inasema nilipe deni. Niliirisit, yaani nilifuta kila kitu kilichomo, kabla ya kuinunua!*
Dereva wa bodaboda, Mwanza

Ni simu ya mkopo. Aliyekuuzia alikuwa bado analipa kwa siku au kwa wiki, akaacha. Kufuli ya mkopo imefungwa kwenye IMEI upande wa kampuni, haiko kwenye data za simu. Ndiyo maana kurisiti hakuigusi, simu ikipata intaneti inajifunga tena. Njia halali ni mbili: mtafute muuzaji akurudishie pesa au amalize deni, au nenda ofisi ya kampuni iliyoandikwa kwenye kioo uulize salio la deni kama linalipika. Anayekuambia ataifungua kwa elfu ishirini atakurudishia ikiwa imefunguka kwa siku tatu.

Kwa atakayenunua mkononi: iunganishe simu na intaneti papo hapo baada ya kurisiti, isubiri robo saa ikiwa inawaka. Pitia mipangilio, tafuta programu ya usimamizi wa kifaa isiyotaka kuondolewa. Kisha jaribu laini za mitandao tofauti kwenye kila tundu, kwa sababu simu zinazouzwa na mitandao kwa punguzo nyingine zina tundu la kwanza linalokubali laini ya mtandao huo tu, huku la pili likiwa wazi. Ukijaribu moja tu hutajua.

Kitochi kwa ajili ya bibi

*Nataka kitochi cha laini mbili cha bibi. Kijijini mtandao mmoja unashika vizuri, wa pili kwa shida. Chaji itakaa?*
Mjukuu, Songea

Itakaa kama utaizima laini dhaifu. Laini isiyopata mnara inatafuta bila kupumzika na kwa nguvu zote, na hiyo ndiyo inayokula betri, si kule kuwa na laini mbili. Kwenye menyu ya kitochi kuna hali ya SIM: chagua SIM1 pekee, na amwashie mtu ile nyingine siku ya kwenda mnadani. Chagua chenye betri inayochomoka na isiyopungua mAh 1,000, vitufe vinavyobonyea vizuri, tochi yenye kitufe chake. Sajili namba za watoto kwenye simu yenyewe, si kwenye laini, ili laini ikibadilishwa majina yabaki.

WhatsApp mbili

*Simu moja, laini mbili, WhatsApp mbili inawezekana bila kupakua zile za vichochoroni?*
Msomaji, Mtwara

Inawezekana. Tangu 2023 WhatsApp yenyewe ya Android inaruhusu akaunti mbili: fungua mipangilio yake, bonyeza kishale pembeni ya jina lako, chagua kuongeza akaunti, tia namba ya laini ya pili na usubiri msimbo wa SMS. Laini hiyo iwe hewani wakati huo. Baada ya hapo hata ukiizima, akaunti inaendelea kwa intaneti ya laini yoyote.